Maua ya Saruji Katika Mji wa Jiwe

Katika uwanja wa Navona mjini Roma ameketi mzee wa mawe aliyejifunika kitambaa kichwani hadi usoni. Gian Lorenzo Bernini alikamilisha chemchemi ile mwaka 1651, akaipa mito minne miili ya watu: Danube kwa Ulaya, Ganges kwa Asia, Río de la Plata kwa Amerika, na Nile kwa Afrika. Wenzake watatu wako uso wazi. Nile peke yake kafunikwa, maana wakati ule Ulaya chanzo cha mto huo kilihesabiwa kuwa fumbo.

Wasoga walijua. Waliuita Kiyira, na pale unapoliacha Ziwa Viktoria palikuwa na maporomoko na mawe makubwa. Jina lenyewe la Jinja limetokana na ejjinja, yaani jiwe. Watu wa pale walikuwa wamekwisha kuvua na kuvusha mitumbwi vizazi kwa vizazi kabla mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke hajatokea ng'ambo ya magharibi tarehe 28 Julai 1862, akayapa maporomoko jina la Lord Ripon, bwana aliyekaa London. Mwaka 1866 London nayo ikamsimamishia Speke mnara wa itale nyekundu katika bustani za Kensington, umechongwa kwa mfano wa minara ya Mafarao. Kitambaa cha Roma hakuna aliyekiondoa.

Naanza na mzee huyu kwa sababu ninachokitafuta Jinja na Mbale, miji miwili ya mashariki ya Uganda, ni kitu kinachoonekana kwa kutokuwepo kwake. Tembea Main Street ya Jinja asubuhi, jua likiwa bado linapiga mlalo, uinue macho juu ya mabango ya simu na benki. Utaona nguzo bapa zilizobandikwa ukutani, mataji ya nguzo yenye majani yaliyojikunja, makoja ya maua yaliyoning'inizwa kama ya arusi, vyungu vya mapambo juu ya paa, na pembetatu iliyobeba mwaka. Karibu kila pambo ambalo jumba la tajiri wa Ulaya lilijivunia karne ya 18 limefika hapa, nusu digrii tu kutoka mstari wa Ikweta. Waliokosa safari ni wanne: wale wanawake wa majira.

Kwa asiyewafahamu, hawa ni ndugu wa damu wa sanaa ya Kizungu. Wagiriki waliwaita Horai, Warumi wakawachonga juu ya majeneza ya mawe, na katika tao la mfalme Konstantino la mwaka 315 majira yamesimama kama watoto chini ya malaika wa ushindi. Wa machipuko hubeba maua. Wa joto hubeba mundu na mganda wa ngano. Wa mavuno hubeba zabibu. Wa baridi hujikunyata ndani ya shuka, pengine na kijungu cha makaa. Karne ya 18, Ulaya iliposhikwa na homa ya kuiga Ugiriki na Roma, wakazaliwa upya kila mahali. Paris ilipata chemchemi ya Majira Manne ya Edmé Bouchardon mwaka 1745. Jean-Antoine Houdon akachonga Baridi mwaka 1783: msichana aliyejifunika shuka kichwani na kifuani, chini akabaki uchi. Ukimtazama unashangaa kama mtu wa baridi kweli angeanza kujifunika juu. Huko Firenze walikuwa nao tangu 1608 kwenye daraja la Santa Trinita; Wajerumani walipolilipua mwaka 1944 yule mwenye maua alipoteza kichwa, kikaja kuopolewa mtoni 1961.

Lakini si wote waliochongwa. Mwaka 1769 mwanamke mmoja, Eleanor Coade, alishika kiwanda Lambeth, London, akawa anatengeneza sanamu kwa udongo maalumu uliokandamizwa ndani ya kalibu na kuchomwa tanuruni. Ulionekana kama jiwe, ulistahimili mvua kuliko jiwe, na bei yake ilikuwa ya mtu mwenye bustani lakini asiye na fedha za marumaru. Kalibu moja ya mwanamke wa masika ingeweza kuzaa mapacha kumi wakaenda kwenye bustani kumi. Tulishike hili la kalibu, maana ndiyo njia ambayo mapambo ya Ulaya yalifika Busoga.

Kabla ya hapo inafaa kumtendea haki mzee wa kitambaa. Yupo Nile mwingine, wa zamani zaidi, katika majumba ya Vatikani: sanamu kubwa ya Kirumi iliyofukuliwa mwaka 1513, mzee amejilaza akipandwa na watoto wadogo 16. Watoto hao si wajukuu. Ni dhiraa 16, kipimo cha mafuriko yaliyoipa Misri mwaka wa shibe. Kwa hiyo ile ni sanamu ya msimu, tena ya msimu ulioamua nani atakula. Wamisri wenyewe hawakuwa na majira manne. Walihesabu matatu, Mafuriko, Kuota na Mavuno, yote yakipimwa kwa mto. Napoleon aliipenda sanamu ile akaibeba kwenda Paris, ikarudishwa alipoanguka.

Hapa pana jambo ambalo watalii wanaopanda mashua Jinja huwa hawaambiwi. Mafuriko yale hayakutoka Jinja. Maji yanayofika Misri, zaidi ya asilimia 80 yanatoka nyanda za juu za Ethiopia, na mengi yake hushuka kwa kishindo baada ya mvua za Julai na Agosti. Maji ya Jinja ni ya namna nyingine. Ziwa kubwa limeyapokea, limeyatuliza, na linayaachia polepole Januari kama Juni. Ziwa likipanda hupanda kwa miaka, kama lilivyofanya baada ya mvua kubwa za 1961, likaongezeka zaidi ya mita 2 hadi 1964. Hivyo katika mto mzima wenye sifa ya majira, Jinja ndiyo inayotoa maji yasiyo na majira. Watoto 16 wa Vatikani ni wa Ethiopia. Na tangu tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth II alipofungua bwawa la Owen Falls, hata maporomoko ya Ripon yamelala chini ya maji, na mto unapita kwa idhini ya mitambo.

Ukitaka majira yaliyochorwa na watu wa hapa, uende kaskazini ya Mbale, barabara ya Soroti, karibu na Kumi. Kwenye miamba ya Nyero kuna duara ndani ya duara, nyekundu, nyingine zina miale kama jua, na pengine umbo refu lililofananishwa na mtumbwi. Waliochora walikuwa wawindaji waliotangulia Wateso wa huko na Wamasaaba wa Mbale, hawakuacha jina. Wenyeji walipafanya mahali pa matambiko, na wapo watafiti wanaozihusisha duara hizo na mvua na uzazi. Nimesimama pale saa saba mchana: jiwe kubwa limeegemea jingine kama kibanda, chini kivuli, na duara ziko juu ya kimo cha mtu, ukubwa wa sinia. Hakuna mwanamke wala mundu. Kama ni msimu, umechorwa bila mtu wa kuubeba.

Sasa turudi madukani. Mtu anayeiunganisha miji hii miwili ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeiteka mashariki chini ya bendera ya Waingereza. Alijenga boma Budaka, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 akahamia chini ya mlima Masaba, yaani Elgon, mahali palipokuja kuwa Mbale, akapanda miti, akapima njia, na soko likavuta Waswahili, Waarabu na Wahindi waliofuata pembe za Karamoja. Mwaka 1906 serikali ikamhamishia Jinja kuwa mkuu wa baraza la Busoga, akakaa hadi 1913, kisha akarudi Mbale, alikofia 1928. Alipenda njia zilizonyooka. Ukiona barabara za Mbale zinavyokatana, ujue kwamba kabla ya mhandisi wa Kizungu palikuwa na mkono wa Mganda.

Wahindi walikuja kwa pepo kabla ya kuja kwa reli. Kaskazi ndiyo iliyovimbisha matanga kutoka Kachchh na Kathiawar hadi Unguja, Bagamoyo na Mombasa; Allidina Visram alifika hivyo Bagamoyo akiwa kijana mdogo, na alipokufa mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yametapakaa Uganda nzima. Reli ya Mombasa ilipogusa ziwa mwaka 1901, meli zikamalizia safari hadi Jinja. Vithaldas Haridas alianza na duka Iganga, akahamia Jinja. Jamaa yake Muljibhai Madhvani, aliyefika kijana mwaka 1908, akajenga kiwanda cha sukari cha Kakira kilichoanza kazi 1930. Reli fupi ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa 1912, ile ya kupitia Mbale ilifika Soroti 1929, na daraja la reli juu ya Nile likakamilika 1931.

Kilichosukuma yote hayo ni pamba. Mbegu zililetwa na Kampuni ya Uganda mwaka 1903, na haikupita miaka mingi Busoga na Bukedi zilikuwa nyeupe kuanzia Novemba. Hapo neno msimu likapata maana yake ya mashariki ya Uganda. Mkulima alipanda mvua za kwanza zikiwa zimetulia, akachuma mvua za mwisho wa mwaka zilipopungua, na serikali ikatangaza siku ya kufungua manunuzi. Mizani ikasimamishwa, baiskeli zikauzwa, kanga zikapanda bei, mahari ikalipwa. Msimu ukifungwa, duka likalala usingizi. Mwenye duka aliyenusurika misimu kadhaa mizuri alibomoa mabati yake akajenga kwa tofali na saruji, na juu, mahali ambapo mjenzi wa Bath au Paris angemweka mwanamke mwenye mganda wa ngano, akaandika jina na mwaka: 1924, 1931, 1948. Mimi naisoma ile tarakimu kama sanamu ya pamba. Inasema msimu fulani ulilipa.

Kwa nini hakuweka sanamu ya mtu? Muislamu wa Kiismailia na Mhindu wa Lohana wangekupa majibu tofauti. Sababu moja ilikuwa ya fundi. Wengi wa matajiri hawa walitoka upande wa Porbandar, ambako jiwe la chokaa ni laini, linachongeka kwa patasi kama mti mbichi. Mawe hayo yalipelekwa hata Bombay, mji ambao tangu 1833 ulikuwa na Town Hall yenye nguzo za Kigiriki. Waashi wa Gujarat walizizoea nguzo hizo, wakazichanganya na yungiyungi na tausi wao. Walipofika Jinja, mji uitwao Jiwe, wakakuta jiwe lenyewe ni gumu, halikubali patasi ya maua. Wakashika saruji. Kwa hiyo katika mji wa jiwe hakuna ua la jiwe.

Nilipata kuliona hili kwa macho yangu Mbale, mtaa wa nyuma ya Naboa Road, ambako fundi mzee alikuwa juu ya jukwaa la miti akitengeneza koja lililobomoka.

"Shikamoo mzee. Maua haya nani aliyachonga?"

"Marahaba. Hakuna aliyechonga, mwanangu. Haya yalimwagwa."

Akashuka akanionyesha kalibu: vipande viwili vya mbao nyekundu, ndani vimekombwa umbo la ua, vimeng'aa kwa oili chafu ya gari. Unapaka oili, unamwaga saruji yenye mchanga uliochekechwa kwa chandarua, unagonga pembeni kwa nyundo ili mapovu yatoke, unaacha hadi kesho. Unafungua, unaloweka ua majini siku kadhaa lisipasuke, halafu unalibandika kwa uji wa saruji na msumari. Ile mistari mirefu chini ya paa haimwagwi: inavutwa, kwa kipande cha bati kilichokatwa meno na kutembezwa juu ya lipu mbichi, pasi moja baada ya nyingine. Kalibu ya zamani ilikuwa imepotea, akatengeneza nyingine kwa kukisia. Maua yote ya koja lile yana petali sita. La kwake lina tano. Nilimwambia. Akacheka, akasema atakayelihesabu kutoka chini hana kazi.

Bi Coade wa Lambeth angemwelewa. Tofauti ni kwamba kalibu za Lambeth ziliweza kutoa uso wa mtu, na soko lilikuwepo. Hapa mteja alitaka koja, kwa sababu koja alilijua: ndilo analovikwa bwana arusi, ndilo linalotundikwa mlangoni Diwali. Pambo lilivuka bahari mbili, likabadilishiwa maana njiani, likafika likiwa la Kihindi. Na Diwali yenyewe huangukia Oktoba au Novemba, wakati vitabu vipya vya hesabu vinapofunguliwa kwa sala na mwaka wa Vikram unapoanza, ulioutangulia wa Kizungu kwa miaka 56 au 57. Kwa mwenye duka wa Jinja sikukuu hiyo iliangukia mvua za mwisho wa mwaka, majuma machache kabla ya pamba. Sidhani kuna mahali ambapo kalenda ya Gujarat iliwahi kukaa vizuri namna hiyo.

Miaka ya 1930 mitindo ikageuka. Makoja yakapungua, yakaja mapaa yenye ngazi, mistari mitatu mitatu, na jua linalochomoza lenye miale ya saruji. Watu wa sanaa wana jina lao la Kifaransa kwa mtindo huo. Mafundi wa Mbale wanasema "ya jua". Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha Tororo kikaanza kutoa saruji jirani kabisa, na Mbale, iliyosifiwa kuwa mji safi kuliko yote Afrika Mashariki, ikapakwa rangi ya krimu na ya maji ya bahari.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin akiwa Tororo, alitangaza kwamba Waasia waondoke. Wakapewa siku 90. Maduka yaligawiwa, majina juu ya pembetatu yakapigwa chokaa, mengine yakachimbuliwa kwa patasi. Tarakimu ziliachwa. Labda hakuna aliyeona kwamba mwaka ni mali ya mtu. Sheria ya 1982 ilifungua njia ya kurudisha majengo, na miaka ya 1990 wenye nyumba au watoto wao wakaanza kurejea. Leo unaweza kusimama chini ya jengo moja Jinja ukaona jina lililofukuliwa upya kwa rangi nyekundu, na jirani yake pengo lililobaki kama jino lililong'oka. Tangu Julai 2020 miji yote miwili imekuwa majiji, na ghorofa za vioo zinapanda. Kioo hakishiki ua.

Sanamu moja ya mtu ilifika baadaye: kichwa cha Gandhi, mzaliwa wa Porbandar, penye chanzo cha Nile ambapo sehemu ya majivu yake ilimwagwa mwaka 1948. Inder Kumar Gujral, waziri mkuu wa India, ndiye aliyeizindua mwaka 1997. Ganges na Nile wa Bernini wangekutana hapo wakasalimiana.

Lakini nisiseme kwamba majira ya hapa hayana watu. Yanao, ila wanakaa katika maneno. Kiganda, kilichokuwa lugha ya kanisa na ya utawala Busoga, na ambacho jeshi la Kakungulu lilikipeleka hadi chini ya Masaba, kinaita Machi Mugulansigo, mnunuzi wa mbegu. Februari ni Mukutulansanja, mkata majani makavu ya mgomba. Julai ni Kasambula, msafisha shamba. Novemba ni Museenene, mwezi wa senene, wanaokusanywa usiku chini ya taa na mapipa ya mabati. Ukimwomba Houdon achonge Mugulansigo, angepata kila kitu anachohitaji: mtu, mkono, mfuko wa mbegu, uso wa aliyekwisha hesabu fedha zake mara mbili. Mvua zenyewe ni mbili, ttoggo ya Machi hadi Mei na ddumbi ya mwisho wa mwaka, kama masika na vuli zetu za pwani. Watafsiri wetu wamewahi kuhangaika kumtafutia Kiswahili yule wa baridi wa Ulaya, wakampa kipupwe, upepo mtamu wa Juni usiomdhuru mtu. Shuka lake halikupata jina.

Na Mbale upo msimu mmoja unaosimama wima. Kila mwaka wa shufwa, mwezi Agosti, Wamasaaba hufungua imbalu katika uwanja wa Mutoto, nje kidogo ya mji, kisha tohara huenea mlimani hadi mwisho wa mwaka. Kila rika hupewa jina la jambo lililotokea mwaka huo, njaa au vita au reli, kwa hiyo mzee akikutajia rika lake amekutajia tarehe, bila tarakimu. Kijana hupakwa unga wa wimbi na chachu, kisha matope ya bwawa lao, mpaka anakuwa na rangi ya saruji mbichi. Mbele ya watu wote anasimama, fimbo ameishika kwa mikono miwili, macho ameyakaza mbele. Hapaswi kupepesa. Shingo ikitikisika, ukoo mzima umetikisika.

Siku chache kabla ya hapo anazunguka mjini akicheza, ngoma za kadodi nyuma yake, filimbi, shangazi zake na matawi. Nilikuwa baraza la duka moja, barabara ya Kumi, kundi lilipopita. Kijana alichoka, akaegemea nguzo ya saruji kupumua, mgongo kwenye mifereji iliyovutwa kwa bati miaka mingi kabla ya babu yake kutahiriwa. Shangazi yake akampa maji. Ngoma zikalia, akaondoka mbio. Mwenye duka akatoka na kitambaa kufuta unga uliobaki kwenye nguzo, akautazama, akarudi ndani bila kuufuta.